Lenzi Ndefu ya Mzee wa Studio

Mzee wa Studio hakupenda kupigwa picha. Tulipakana ukuta kwa miaka mingi pale Keko, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na mapazia yake upande ule, na sina picha yake hata moja. Nikijaribu kumkumbuka, uso wake unanijia nusu, kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa imezibwa na kamera. Kwa hiyo nitamweleza kwa maneno, na mnisamehe nikimweleza kwa hasira, maana hasira yangu naye bado haijaisha.

Mkabala na fremu zetu za biashara walikuwa mafundi wa samani, wale wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara. Vumbi la mbao liliingia kila mahali. Kwangu lilikaa juu ya vitambaa, kwake juu ya picha zilizoanikwa zikauke. Karibu kila siku alitoka kuwaomba wapunguze kupiga randa. Walimjibu, "Sawa mzee wetu," wakaendelea vilevile, naye akarudi ndani kifua mbele kana kwamba wameacha.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa mbao. Nyuma kilikuwa chumba cha giza alikosafishia picha. Mbele palikuwa na benchi, kamera ya zamani ya miguu mitatu, na pazia lililochorwa ndege na ngazi yake. Ukisimama pale alipokuonyesha, ulionekana unapanda. Wako watu waliopeleka picha ile kwao, na hadi leo jamaa zao wanaamini kwamba walipanda kweli. Ukutani lilining'inia koti jeusi kwa ajili ya wateja wa picha za pasipoti. Nimelishona mabega koti lile mara nyingi mno, na kila nilipolishona lilinuka jasho la mtu mwingine.

"Usicheke," alimwambia kila aliyekaa kwenye benchi. "Serikali haina haja na meno yako."

Mtu huyohuyo akiletewa mtoto mchanga alibadilika kabisa. Alipiga magoti sakafuni na kanzu yake, akalia kama mbuzi, akajifunika kofia usoni na kuifunua, hadi mtoto akacheka na mama yake akacheka na mimi huku nikaacha kushona nikacheka. Akishapiga picha alisimama, akajipangusa magoti, akawa tena yule yule wa meno na serikali. Sikuwahi kumwelewa katika hilo. Nilimwuliza siku moja kwa nini wakubwa hawachekeshi. Akasema mkubwa ukimchekesha atakuja kukudai picha nyingine aliyonuna.

Lakini kama kuna jambo moja lililomfanya awe yeye, ni namna alivyoshika neno. Sisemi neno lake tu, hata la mwenzake. Wakati nilipokuwa mgeni pale alinimiminia chai, na ilikuwa na sukari ya kutosha kupikia kashata. Nikamwambia kwa utani, "Mzee, chai yako mie sinywi tena." Basi ikawa ndiyo mwisho. Miaka yote iliyofuata alikaa mlangoni kwake asubuhi, birika kando, akanywa mbele yangu, akawamiminia mafundi, akamimina hata kwa wapita njia, mimi akaniruka. Nilipolalamika alinishangaa. "Si ulisema mwenyewe? Nikikupa nitakuwa nakufanya mwongo." Nilicheka, nikaona ni vituko vya uzee. Laiti ningejua kwamba mtu mwenye tabia ile anaweza kuangamia nayo, nisingecheka.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Idi. Yeye na mama Idi walimpata wakiwa wameshakata tamaa. Kila sikukuu alimsimamisha kwenye pazia la ndege na kumpiga picha, na picha zile zilipangwa ukutani kwa mstari, Idi akirefuka na ndege ikibaki vilevile. Alipokuwa kijana akaanza kukaa na wenzake wa maskani. Zilikuwa enzi za ruksa, vitu vinaingia kwa wingi, redio, viatu, televisheni, kila kijana anataka chake na leo hii. Ghala la mfanyabiashara mmoja likavunjwa. Siku chache baadaye mwenye mali alifika na balozi wetu wa nyumba kumi pamoja na kundi la watu, wakasukuma mlango wa chumba cha giza. Redio kaseti zilikuwa zimefichwa nyuma ya ndoo za dawa. Mwanga uliingia, na karatasi zote za picha za Idi el Fitri, za mtaa mzima, ambazo zilikuwa hazijasafishwa, zikaungua palepale bila moto.

Mzee hakuwa na habari ya zile redio. Mtaa mzima ulijua hivyo, hata balozi alisema. Ila aibu haikumtoka. Idi alipotolewa nje amefungwa mikono, baba yake alisimama barabarani mbele ya mafundi, wateja, na mkewe aliyekuwa analia, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Wallahi, huyu simtii tena machoni mwangu hadi naingia kaburini."

Mtu mwingine akisema hivyo, unangoja hasira zishuke. Mimi nilikumbuka chai.

Idi alifungwa Segerea. Mama yake alimtembelea kila alipoweza, na kila aliporudi aliketi kwenye kigoda changu na kunihadithia kwa sauti ya juu, makusudi, ili habari ipite ukutani. Amekula. Anakohoa. Anamsalimu baba yake. Picha za ukutani mzee alizigeuza, migongo ikatazama wateja. Nilikwenda kumkabili. Nikamwambia kiapo kina kafara yake, mtu analisha maskini au anafunga, halafu anarudi kwa mwanawe, na dini haijamkataza.

"Kafara ni ya aliyejutia alichosema," akanijibu. "Mimi sijajuta."

"Sasa mbona hulali? Mama Idi anasema unatembea ndani hadi alfajiri."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta benchi ambalo halikuwa na vumbi.

Hapo ndipo inapoingia kamera. Mpwa wake aliyekuwa baharia alimletea zawadi kutoka Dubai, kamera ya kisasa ya kubadilisha lenzi, ya kwanza maishani mwake, ila bila lenzi. Kichwa hakina jicho. Mama Idi alifurahi kuliko mimi ninavyoweza kueleza. Studio ilikuwa inakufa. Mjini kulikuwa na mashine zinazotoa picha za rangi siku hiyohiyo, na vijana wa kuzunguka walipiga watu picha majumbani kwao, nani tena aje kukaa kwenye benchi letu apewe picha nyeusi na nyeupe wiki ijayo? Kwa kamera ile mzee angeweza kupiga harusi. Ilibaki achague lenzi, na uwezo wake ulikuwa wa lenzi moja.

Nilikuwa naenda Kariakoo kufuata nyuzi, tukaenda pamoja. Kijana wa duka alitutandikia lenzi tatu juu ya kitambaa. Alikuwa na maneno mengi lakini si mwongo.

"Mzee shikamoo. Sikiliza, hii fupi ni ya hamsini, inaona kama jicho la mtu. Hii ndogo ishirini na nane, inameza watu wengi, harusi, vikao, familia nzima. Hii ndefu mia tatu, hii ishu ya mpira, unakaa huku unamvuta mchezaji aliye kule. Kwa studio hii haikufai, nakwambia ukweli wangu."

Mzee alifunga ile ya hamsini kwenye kamera yake, akaielekeza kwangu niliyesimama mlangoni. "Nakuona kama ulivyo," akasema, akaifungua. Akafunga ya ishirini na nane. "Nakuona wewe na mtaa mzima. Mtaa nishauona." Akafunga ile ndefu, akaniomba nipishe. Akatazama hadi mwisho wa barabara. Kijana wa duka akaniangalia, mimi nikamwangalia yeye. Mzee alikuwa anazungusha pete ya lenzi polepole mbele, nyuma, mbele.

"Kule kuna mtu anakuna mkono," akasema. "Namwona hadi kucha."

"Mzee, harusi utaipiga umesimama wapi? Nyumba ya tatu?" nikamwuliza.

"Hii," akamwambia kijana. "Nifungie hii."

Njiani nilimfokea, na sioni haya kusema nilimfokea mtu mzima. Nilimwambia anamnyima mkewe chakula. Tulipofika mtaa wa Gerezani tulikaa kivulini tupumzike. Akaitoa kamera, akanipa nichungulie.

"Unaona nini?"

"Naona watu."

"Huoni watu. Kamera zangu za zamani zina kidirisha, ukichungulia unamtazama mtu mwenyewe. Hii humo ndani ina kioo. Lenzi inamwona mtu, inamtupa kwenye kioo, wewe unatazama kioo. Mtu mwenyewe hujamtia machoni."

Ilinichukua muda kuelewa anasema nini. Nilipoelewa nilishindwa kufoka tena. Nilimhurumia na nikamchukia kwa wakati mmoja. Alikuwa amekesha usiku kucha akitafuta tundu kwenye neno lake mwenyewe, na tundu alilolipata halikuwa kusamehe, wala kafara, wala kusema nilikosea. Lilikuwa kioo.

Harusi alijaribu moja, ya watu wa Kinondoni. Alisimama kwenye ua wa jirani, na kila alipomweka bibi harusi sawa alipita mtu na sinia. Walipoletewa picha walikuta visogo, mabega, na sikio moja la bwana harusi lililotoka vizuri sana. Habari zikaenea, akawa kichekesho. Watoto walimwita Mzee wa Mpira. Yeye aliendelea kusifia sikio.

Segerea alikuwa akienda peke yake. Siku moja aliniomba nimsindikize, nadhani miguu ilishaanza kumsumbua. Alikaa kwenye kibanda cha muuza kahawa, ng'ambo ya barabara, mbali sana na pale wafungwa walipokuwa wakilima bustani chini ya askari. Kwa macho yangu niliona nguo tu zikiinama na kuinuka. Yeye aliweka kamera usoni. Haikuwa na mkanda wa picha ndani. Askari mmoja aliwahi kumfuata, akaifungua, akaikuta tupu, akamtazama sana na kumwambia, "Mzee, nenda nyumbani." Hakuacha. Nadhani yule askari alimzoea.

"Yule wa pembeni ndiye yeye," akasema. "Ana kidonda shingoni. Kinakauka."

"Siku ya wageni ni kesho, mzee. Mlango ule pale. Unaingia, unamshika mkono."

"Kinakauka vizuri," akasema.

Mama Idi alifariki wakati wa masika, kwa kifua. Kabla ya kufa alimwomba jambo moja tu, aende kwa mtoto. Nilikuwepo, nilikuwa nimemshikia kikombe. Mzee alimpangusa mkewe jasho, akamwambia, "Naenda kila siku." Mama Idi alifumba macho na kugeukia ukuta. Sijawahi kuona mtu aliyekata tamaa kama yule mama wakati ule, na sitaki kuona tena.

Ilibidi mimi niende nikampe Idi taarifa ya msiba. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akauliza nani aliyemzika, nikamtajia. Akauliza kama baba yake anajua kwamba yeye sasa yuko bustanini, upande wa barabara, mahali ambapo mtu akisogea anaweza hata kumpungia mkono.

"Anajua," nikamwambia. "Huwa anakuja kukutazama. Anakaa kule ng'ambo, kwenye kahawa."

Idi aligeuka akatazama upande ule, ingawa tulikuwa ndani na mbele yetu palikuwa na ukuta. "Mbona mie simwoni?"

Nilimwambia nitamletea sabuni.

Baada ya msiba mzee alififia. Karatasi za picha nyeusi na nyeupe zikawa adimu, kisha hazikupatikana kabisa. Pazia la ndege lilichanika, sikuambiwa nilishone. Aliendelea kufungua studio asubuhi na kukaa ndani, kamera mapajani, bila mteja. Nilipomsalimu aliitikia, nilipomletea chakula alikula. Mazungumzo yake yote yakawa ni ya Idi, lakini yalikuwa ya vitu alivyoviona kwenye kioo. Amenyolewa. Amepewa viatu vikubwa. Analimia mkono wa kushoto sasa, sijui wa kulia una nini. Alijua mwili mzima wa mwanawe, na hakujua hata sauti yake imekuwaje.

Idi alitoka jela siku ya kazi ya kawaida, jua kali, mafundi wakipiga randa. Nilimwona akivuka barabara na mfuko wa nailoni mkononi, nikasimama na sindano mdomoni. Alinipita bila kuniona. Akaingia studio. Mimi nikatoka hadi mlangoni kwangu. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, Mungu wangu, mlegeze, mlegeze mzee huyu leo tu.

"Baba, shikamoo," Idi akasema.

Nilisikia kigoda kikianguka. Nilipochungulia, mzee alikuwa amesimama kwenye kona, mgongo ukutani, kamera usoni. Alikuwa amegeuza shingo upande hadi alipoipata kamera, kwa hiyo hata kwa bahati mbaya hakumtazama kijana. Alizungusha pete ya lenzi mbele, akaizungusha nyuma.

"Rudi nyuma kidogo," akasema.

Idi akarudi hatua moja.

"Kidogo tena. Ukungu tu. Rudi."

Lenzi ile haioni cha karibu. Chumba kizima hakikutosha. Hilo hakuwahi kuhitaji kulijua, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumkaribia akiwa nayo. Idi alirudi hadi kizingitini, akateremka ngazi akiwa kinyumenyume, akauhisi mtaro kwa kisigino na kuuruka. Nadhani mwanzoni alifikiri ni picha ya kumkaribisha, kama zile za sikukuu, maana alinyoosha kola ya shati. Nilitaka kupiga kelele. Nilimwambia, "Idi, ingia, mshike mkono, mnyang'anye hiyo kamera." Alinitazama, akamtazama baba yake, akaendelea kurudi, hadi akawa ng'ambo, amesimama katikati ya fremu za makochi ambayo hayajavikwa kitambaa.

Pete ya lenzi ikasimama.

"Marahaba," mzee akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na aliye chumbani.

Randa zilikuwa zinalia. Idi hakusikia kitu. Alisubiri, mfuko mkononi, huku magari yakipita kati yao na kila moja likimfuta na kumrudisha. Alisubiri kamera ishuke. Mimi pia nilisubiri. Mafundi wawili waliacha kazi wakawa wanatazama. Kisha akahamisha mfuko mkono wa pili, akageuka, akaondoka kuelekea upande wa Chang'ombe, taratibu, kama mtu ambaye bado anasikilizia kuitwa. Mzee alimfuata kwa lenzi hadi mwisho wa barabara, ambako mimi nilishampoteza zamani.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Mzee, mtoto ameondoka. Harudi huyu. Umeridhika?"

Alishusha kamera. Ile sehemu ya uso iliyokuwa imefichwa ilikuwa imelowa yote.

"Lenzi ndefu hunenepesha uso," akaniambia. "Ndivyo ilivyo, humjaza mtu mashavu hata kama hana. Na bado nimemwona amekonda."